Mkanda Mmoja Badala ya Mitatu: Hesabu ya Pikapu Kuukuu Imo Kwenye Kiyoyozi

Katika soko la magari ya zamani nchini Marekani, pikapu za Chevrolet na GMC zilizotengenezwa kati ya 1973 na 1987 zimeacha kuwa vyombo vya shambani tu. Zinanunuliwa, zinafufuliwa na kuuzwa tena na watu wenye mitaji midogo, na pembeni mwa biashara hiyo kuna soko la vipuri ambalo muuza spea yeyote anaweza kujifunza kwalo. Moja ya kazi zinazofanywa kwenye pikapu hizo ni kuondoa mikanda ya zamani yenye umbo la V na kufunga mkanda mmoja mpana unaozungusha vifaa vyote vya mbele ya injini.

Kazi hiyo huonekana rahisi na nafuu. Hata hivyo, ukipitia gharama zake moja baada ya nyingine, utagundua kwamba fedha hazipotelei kwenye mkanda. Zinapotelea kwenye kiyoyozi. Wiki hii ukurasa huu unaeleza sababu zake, na namna mnunuzi anavyoweza kupiga hesabu kabla hajatoa fedha mfukoni.

KWA NINI MKANDA UBADILISHWE

Injini iliyozoeleka ya pikapu hizo, V8 ya lita 5.7, ilitoka kiwandani na mikanda kadhaa. Pampu ya maji, alteneta, pampu ya usukani na kompresa ya kiyoyozi viligawana mikanda hiyo, na kila mkanda ulikazwa kwa mkono. Uliolegea uliteleza na kupiga kelele. Uliokazwa kupita kiasi ulikula beringi.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 watengenezaji wa Marekani walianza kutumia mkanda mmoja wenye mifereji, unaojikaza wenyewe kwa kikaza chenye springi. Ford Mustang ya 1979 ilikuwa miongoni mwa magari ya kwanza kuwa nao. General Motors iliuleta kwenye pikapu zake kubwa kupitia toleo jipya la 1988.

Kwa kuwa injini ya lita 5.7 ya pikapu za 1988 hadi 1995 ni ya ukoo uleule, vifaa vyake vya mbele vinaweza kuhamishiwa kwenye pikapu ya zamani. Ndiyo maana yadi za magari yaliyokatwa huuza seti: breketi, yaani vyuma vya kushikia vifaa, pamoja na puli, kikaza, alteneta na pampu.

Mnunuzi mgeni hukutana na mitego miwili kabla hata hajafika kwenye kiyoyozi. Kwanza, katika mpangilio huo mpya pampu ya maji huzungushwa na mgongo wa mkanda, hivyo inazunguka kinyume na ile ya zamani. Pampu, feni na klachi ya feni lazima viwe vya mzunguko huo wa kinyume. Ukifunga pampu mpya ukaacha feni ya zamani, injini itachemka. Pili, kwa mwenye pikapu ya zamani zaidi, vichwa vya silinda vya injini hizo vilivyotengenezwa kabla ya 1969 havina matundu ya kufungia breketi hizo.

PULI, HOSI NA GESI

Sasa tuje kwenye kiyoyozi. Vitu vitatu vinaamua kama kazi itamalizika kwa faida au kwa hasara.

Cha kwanza ni puli. Kompresa ya zamani ina puli ya mfereji wa V, na mkanda mpana hauwezi kukaa hapo. Pikapu za miaka ya 1970 nyingi zilikuwa na kompresa ndefu na nzito iitwayo A6, ambayo haikai kwenye breketi za seti mpya. Zilizofuata zilikuwa na kompresa fupi ya mviringo iitwayo R4. Mwenye R4 ana nafuu, kwa sababu kompresa hiyo iliendelea kutumika kwenye toleo la 1988, ikiwa na klachi na puli ya mifereji. Wengine huachana na zote mbili na kufunga kompresa ya Sanden ya Japani, ambayo breketi zake hutengenezwa na wauzaji wengi.

Aidha, wapo wauzaji wanaong'oa kompresa na kuiuza peke yake, kisha wanauza seti iliyobaki kwa bei ya kuvutia. Urefu wa mkanda na njia unayopita hutofautiana kati ya gari lenye kiyoyozi na lisilo nacho. Anayenunua seti pungufu hana budi kutafuta breketi nyingine, mkanda mwingine, au puli ya kuziba pengo la kompresa.

Cha pili ni hosi. Kompresa ikihama hata kwa upana wa kiganja, hosi za zamani hazifiki au zinajikunja. Tena, hosi za zama za gesi ya R-12 hazikuwa na utando wa ndani wa kuzuia gesi ya R-134a, ambayo hupenya kwenye mpira huo kwa urahisi zaidi. Hosi mpya hukatwa na kubanwa kwa kipimo. Kipimo hicho kichukuliwe mwisho, kompresa ikiwa imeshafungwa na boneti imejaribiwa kufungwa. Anayeagiza hosi mapema anaweza kuzilipia mara mbili.

Cha tatu, na ndicho kikubwa, ni gesi. Pikapu za 1973 hadi 1987 zote zilitoka na R-12. Marekani ilisimamisha uzalishaji wake mwishoni mwa 1995, kufuatia Itifaki ya Montreal ya 1987, na nchi zinazoendelea ziliongezewa muda hadi 2010. Kwa hiyo anayefufua kiyoyozi hicho leo kwa kawaida anahamia R-134a. Gesi hiyo haichanganyiki na mafuta ya kompresa yaliyotumika na R-12. Mafuta lazima yabadilishwe. Chujio la kunyonya unyevu nalo hubadilishwa, na oringi pia. Kondensa ya zamani inaweza kushindwa kutoa joto la kutosha, kwa kuwa presha ya R-134a huwa juu zaidi siku za joto. Na gesi haijazwi kwa kipimo cha zamani: kwa kawaida ni kati ya asilimia 80 na 90 ya uzito wa R-12.

Ukitafuta gari la kutolea seti, angalia mwaka wake. Pikapu za General Motors za 1988 hadi 1993 zilikuwa bado zinatumia R-12. Zile za 1994 ndizo zilizohamia R-134a. Mkanda unafanana, lakini thamani ya vifaa vya kiyoyozi haifanani.

MFANO WA HESABU

Tuchukue wanunuzi wawili. Bei hizi ni za mfano tu, za kuonyesha mpangilio wa gharama.

Wa kwanza ananunua seti pungufu kwa dola 200. Kompresa na klachi yake, dola 230. Breketi iliyotafutwa peke yake, 90. Mkanda wa pili baada ya wa kwanza kutofaa, 40. Hosi, 160. Chujio, oringi na mafuta, 80. Gesi na kazi ya fundi, 150. Jumla ni dola 950.

Wa pili ananunua seti kamili yenye kompresa kwa dola 400. Hosi, chujio, gesi na kazi ni zilezile, yaani dola 390. Jumla ni dola 790.

Siku ya kununua, wa kwanza alijiona ameokoa dola 200. Siku ya kumaliza kazi amezidiwa kwa dola 160, na gari limesimama karakana muda mrefu zaidi likiwa limefunga mtaji wake. Hata kwa mnunuzi wa pili, karibu nusu ya fedha imekwenda kwenye hosi, chujio na gesi, vitu ambavyo havionekani kwenye meza ya muuza seti.

Tahadhari moja: kompresa ya yadi iliyoachwa midomo wazi imeshavuta unyevu na vumbi. Usiihesabu kama kompresa nzima. Ihesabu kama kifaa cha kubadilishana, kwa sababu wauzaji wa Marekani hurudisha amana kwa anayeleta kompresa ya zamani anaponunua iliyokarabatiwa.

GESI NAYO INA SOKO LAKE

Mwenye kuweka mtaji kwenye vipuri hivi anapaswa kutazama mbele. R-134a nayo iko njiani kupunguzwa. Marekebisho ya Kigali, yaliyofikiwa nchini Rwanda mwaka 2016 na kuanza kutumika 2019, yanazibana gesi za kundi hilo. Marekani, kwa sheria yake ya 2020, imepanga kupunguza uzalishaji na matumizi kwa asilimia 85 ifikapo 2036. Nchi nyingi zinazoendelea, zikiwemo za Afrika Mashariki, ziko kwenye kundi ambalo kikomo chake kilianza 2024 na punguzo la kwanza la asilimia 10 linakuja 2029.

Ununuzi wenyewe una masharti. Nchini Marekani, tangu 2018, mtungi mkubwa wa R-134a huuzwa kwa fundi mwenye cheti, ingawa makopo madogo yenye vali ya kujifunga bado huuzwa kwa yeyote. Kuachia gesi hewani ni kosa. Haya yote ni gharama, na gharama huingia kwenye bei.

Historia ya R-12 inatoa somo. Uzalishaji ulipokoma, vifaa vilivyotegemea gesi hiyo pekee vilipoteza soko la kawaida, lakini vile vilivyowezesha kuhama viliendelea kuuzika: hosi, oringi, chujio na kompresa za aina mpya. Bei ya kifaa cha kiyoyozi hufuata gesi yake.

USHAURI WA UKURASA HUU

Kwa anayefufua pikapu ili aiuze: anza hesabu kwenye kompresa, kisha urudi kwenye mkanda. Nunua seti nzima kutoka gari moja, pamoja na pampu na feni yake. Hosi ziwe za mwisho. Kabla ya kujaza gesi, mfumo ujaribiwe kuvuja na uvutwe hewa kwa pampu kwa angalau nusu saa. Fundi asiye na pampu hiyo atakurudisha karakana.

Kwa muuza spea, awe Houston, Sharjah au Kariakoo, kanuni ni ileile hata kwa magari mengine. Kompresa isiyojulikana puli yake, mdomo wa hosi zake na gesi yake ni chuma chakavu chenye bei ya kompresa. Andika mambo hayo matatu kwenye kila kifaa unachoweka rafu. Mteja anayejua hesabu zake atalipa zaidi kwa kifaa chenye maelezo kuliko kwa kile cha kubahatisha.