"Wa Ngapi?" Halina Kazi Kwenye Kikao cha Wazazi

Kwa mwalimu wa taaluma, siku ya wazazi ina swali moja: "Amekuwa wa ngapi?" Nikijibu "wa tano", Mama Neema anashukuru na kuaga. Nikijibu "wa arobaini", baba mtu anamkazia mtoto macho, kisha ananiuliza tuisheni ya jioni ni shilingi ngapi. Wote wawili wametoka kapa.

Nafasi inategemea watoto wa watu wengine. Chukua mwanafunzi aliyepata 48 ya Hisabati muhula wa kwanza akawa wa tano, kisha akapata 61 muhula wa pili akawa wa kumi na mbili. Nyumbani atagombezwa kwa "kushuka", na alama 13 alizopanda hazitajwi. Kwingine darasa zima limefanya vibaya, lakini wa kwanza lazima apatikane, naye anapongezwa kwa 39 yake. Wastani nao unaficha mambo: mwenye Kiswahili 84 na Hisabati 32 ana wastani wa 58, sawasawa na aliyepata 58 kotekote. Msaada wanaouhitaji haufanani hata kidogo.

Naambiwa nafasi huleta ari. Kwa nani? Wa kwanza akishamzidi wa pili hana haja ya kujitahidi zaidi, na wa sabini ameshakata tamaa. Mtihani wa Kidato cha Nne wenyewe haujali foleni hiyo: A ni 75 kwenda juu, hata wakiipata wote. Baraza la Mitihani la Tanzania nalo liliacha mwaka 2023 kutangaza shule bora na watahiniwa bora. Sisi bado tunahesabu vidole.

Tuisheni ya kubahatisha ni dawa bila vipimo. Anayekosa Hisabati kwa sababu haelewi lugha ya swali ataongezewa tu maswali asiyoyaelewa. Fimbo ndiyo kabisa, haijawahi kumfundisha mtu kugawanya.

Sasa ya kufanya. Mzazi, njoo na madaftari ya mazoezi, usitegemee ripoti peke yake. Uliza matatu: anaweza nini leo ambacho muhula uliopita hakukiweza? Anakwama wapi hasa? Nani atafanya nini, na hadi lini?

Mwalimu, tenga mapema kazi mbili za kila mtoto, ya mwanzo wa muhula na ya karibuni, uziweke mezani sambamba. Mtoto mwenyewe awepo, hata kwa dakika chache. Andika kikao palepale: tarehe, waliokuwepo, kilichoonekana, kilichokubaliwa, siku ya kukutana tena. Usiandike "mvivu"; andika "hakukusanya kazi 4 kati ya 9". La kwanza litazua ugomvi, la pili linaweza kukaguliwa. Msomee mzazi kwa sauti, asahihishe, mtie saini, apige picha kwa simu yake. Habari za mtoto zisitumwe kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Kikao kijacho kianze kwa kusoma mlichoandika, la sivyo mtarudia yaleyale.

Mwenye wanafunzi 80 hatawamaliza kwa siku moja. Aanze na wale ambao alama zao zimebadilika ghafla, kwa kupanda au kushuka. Waliobaki awapangie wiki inayofuata.