Jina Moja, Walinzi Wawili

Ndugu zetu wa Unguja hawahitaji kufunzwa hasara ya kutegemea njia moja. Mwaka 2008 njia ya umeme itokayo bara iliharibika, kisiwa kikakaa gizani karibu mwezi mzima. Na kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 giza likarejea kwa miezi mitatu.

Hatari ya namna hiyo imo pia katika majina ya intaneti. Msajili hutuandikia jina. Seva za majina huonyesha tovuti ilipo. Wengi hudhani kazi hizo mbili sharti zikae kwa mtu mmoja. Sivyo. Jina lililosajiliwa huku laweza kuhudumiwa na seva za kwingine, hata za watoa huduma wawili kwa pamoja, mradi zote zitajwe kwa msajili na kumbukumbu zake zilingane.

Tarehe 21 Oktoba 2016 seva za majina za kampuni ya Dyn, Marekani, zilishambuliwa. Twitter na tovuti nyingine nyingi hazikufikika kwa saa kadhaa, ingawa mitambo yao ilikuwa mizima. Aliyeanguka ni mwonyesha njia.

Sisi wa Nyakitonto, wilayani Kasulu, tu mbali na bahari. Lakini mkulima wa huku na mvuvi wa Pemba hulitafuta tangazo la serikali kwa jina lile lile. Hivyo tunawahimiza wakuu wa idara waulize: seva zetu za majina ziko kwa nani? Zikiwa zote kwa mmoja, hapana budi aongezwe wa pili, kabla ya giza.