Model 3: Sekunde za Kwenye Karatasi na Gari la Barabarani

Mwaka 2022 mnunuzi wa Tesla Model 3 nchini Marekani aliwekewa matoleo matatu mbele yake. La bei ya chini, lenye mota moja nyuma, lilitajwa kufika maili 60 kwa saa, yaani kama kilomita 96, kwa sekunde 5.8. Long Range ya mota mbili ilitajiwa sekunde 4.2, na Performance 3.1.

Hiyo 3.1 isomwe kwa makini. Saa yake haianzi gari linapong'oka, bali likishasogea kama sentimita 30, desturi iliyotoka kwenye mashindano ya mbio fupi ya Wamarekani. Hapo karibu robo sekunde imeshamezwa. Tena namba za namna hii zinataka betri yenye joto na chaji ya kutosha. Asubuhi ya baridi, chaji ikiwa imeshuka, gari lilelile halina nguvu zile.

Kwenye mataa, hata toleo la mota moja linachomoka vizuri. Hakuna gia ya kubadilisha. Ukikanyaga pedali, nguvu imeshafika kwenye tairi. Kwa safari za mjini hiyo inatosha kabisa. Tofauti ya kweli huonekana mvua inaponyesha, unapoingia barabara kuu na lori linakuja nyuma yako. Tairi za nyuma peke yake zikianza kuteleza, kompyuta hupunguza nguvu palepale unapoihitaji. Mota mbili hugawana kazi, na gari linakwenda. Hapo ndipo fedha ya ziada inapolipa.

Kuna jambo linaloonyesha jinsi matoleo haya yanavyokaribiana. Mwishoni mwa 2019 Tesla ilianza kuwauzia wenye Long Range ya wakati huo programu ya dola 2,000 iliyoshusha sekunde 4.4 hadi 3.9. Hakuna aliyegusa spana. Nguvu ilikuwemo tangu kiwandani, imefungwa tu.

Kwenye kona, mazungumzo yanahamia kwenye tairi. Rimu za inchi 18 zilivaa tairi za 235/45, ambazo ubavu wake una kimo cha sentimita 10 na nusu. Performance ilivaa 235/35 kwenye rimu za inchi 20, na ubavu ukabaki sentimita 8 tu. Ubavu mfupi haujikunji sana, hivyo ukigeuza usukani gari linaitika mara moja, na dereva anayependa kona atalifurahia sana. Lakini likiingia kwenye shimo, hakuna mpira wa kutosha kulipokea pigo. Rimu ndiyo inayoumia, na mgongo wa abiria unapata taarifa. Umbali nao unapungua: kwa vipimo vya serikali ya Marekani vya 2022, Long Range ilipewa maili 358 kwa chaji moja na Performance 315, na sehemu kubwa ya pengo hilo inatokana na rimu na tairi.

Nasikitika kwamba sekunde za kuondoka ndizo zinazotangazwa kwa herufi kubwa, wakati kusimama ndiko kunakookoa maisha. Mwaka 2018 jarida la Consumer Reports lilipima Model 3 ikisimama kutoka kasi ya maili 60 kwa saa ndani ya zaidi ya mita 46, umbali mrefu mno. Tesla ikatuma marekebisho ya programu kwa intaneti, na gari lilipopimwa tena likasimama kwa kama mita 40.

Mimi ningechukua Long Range yenye rimu za inchi 18, na fedha iliyobaki ningenunulia tairi zinazoshika barabara iliyolowa.