MSHIKAKI WAKO UNA CHETI CHA KUZALIWA?

Jamani, tusidanganyane. Ijumaa jioni, mshahara bado wa moto, nani kati yetu anamuuliza mchoma nyama, "Kaka, huyu ng'ombe katoka wapi?" Mimi sijamsikia hata mmoja. Tunauliza pilipili iko wapi, basi!

Wenzetu wa Ulaya nao walikuwa hivyo hivyo mpaka yalipowakuta. Machi 1996 serikali ya Uingereza ilikiri bungeni kwamba kichaa cha ng'ombe huenda ndicho kilichokuwa kinawaua watu kwa kuwaharibu ubongo. Soko la nje likafungwa. Tangu mwaka huo kila ndama akizaliwa kule anapewa pasipoti. Ndiyo, pasipoti! Na mwaka 1998 ikafunguliwa ofisi maalum mjini Workington ya kufuatilia ng'ombe wanavyohama.

Unadhani mchezo uliishia hapo? Thubutu! Januari 2013 wakaguzi wa chakula wa Ireland walitangaza kwamba wamepima aina 27 za baga za "ng'ombe". Aina 10 zilikutwa na farasi ndani, na mojawapo farasi alifika asilimia 29 ya nyama yote.

Fundisho ni hili: pasipoti inamfuata ng'ombe mpaka machinjioni. Akishasagwa, anayejua kilichoingia kwenye mashine ni mwenye kiwanda. Serikali bila mwenye kiwanda ni kipofu, na mwenye kiwanda bila serikali ni paka aliyeachiwa maziwa.

Turudi Bongo. Sheria ya kutambua, kusajili na kufuatilia mifugo tunayo tangu 2010. Zilipokuja hereni za kielektroniki, bei ikawa sh. 1,750 kwa ng'ombe mmoja. Mwenye ng'ombe 200 piga hesabu: sh. 350,000! Wafugaji wakaja juu, wakauliza wao wanapata nini. Kwangu mimi swali hilo lilikuwa la haki kabisa.

Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kule Bariadi kampeni ya chanjo na utambuzi wa mifugo kwa pamoja. Hapo naona kuna akili: mfugaji anapata kinga ya ng'ombe wake, serikali inapata kumbukumbu. Na ng'ombe mwenye namba si rahisi kwa mwizi kumpitisha mnadani.

Lakini safari haiishii mnadani. Mchinjaji, mwenye bucha na mwenye hoteli nao wasipoandika nyama imetoka wapi, hereni ile itabaki urembo tu.

Wewe mtoto wa mjini anza na hili: ukiingia buchani tafuta mhuri wa mkaguzi kwenye nyama, kisha uliza imechinjwa wapi. Akikununia, hamia bucha la jirani. Hela yako, tumbo lako!