Shingo Iliyotikiswa na Mikono ya Kuichua

Kila asafiriye kwa Barabara ya Morogoro, baina ya Mbezi na Mlandizi, ameona jinsi magari yanavyofuatana kwa karibu pale Maili Moja na Picha ya Ndege: malori yaendayo bara, nyuma yake daladala, na bodaboda zikipenya katikati. Gari la mbele likisimama ghafula, la nyuma hugonga. Abiria hushuka, hujitazama mikono na miguu, na kumshukuru Mungu kwamba hakuna damu. Kesho yake asubuhi mmoja wao hawezi kugeuza shingo.

Hayo ndiyo yaliyompata mjomba wangu likizo iliyopita. Alikuwa akirudi kwetu Kisarawe kutoka Mlandizi, ameketi katika kiti ambacho mgongo wake hukomea mabegani. Lori liliigonga daladala yao kwa nyuma, wala si kwa kishindo kikubwa. Taa tu ndizo zilizovunjika. Usiku ule alikula vizuri na kutusimulia kisa chote kwa kicheko. Alfajiri alituita tumwinue kitandani, maana kichwa kilikuwa kizito kama si chake.

Sisi tuliosoma fizikia twaweza kulieleza jambo hili. Kitu kilichotulia hutaka kubaki kimetulia mpaka kisukumwe. Ndiyo sheria ya kwanza ya Newton. Gari likigongwa nyuma, kiti husukuma kiwiliwili mbele, lakini kichwa hakina cha kukisukuma, kwa hiyo hubaki nyuma. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 na nusu hadi 5, yaani karibu sawa na dumu la maji la lita 5, nacho kimekaa juu ya pingili 7 nyembamba. Kwa muda usiofika nusu sekunde shingo hupinda nyuma, kisha kichwa hurushwa mbele. Misuli haiwahi kujikaza ili kuilinda. Mwaka 1928 daktari wa mifupa wa Marekani, Harold Crowe, alilifananisha tendo hilo na mchapo wa mjeledi, na jina hilo limedumu kwa Kiingereza hata leo. Maumivu huchelewa kwa sababu nyuzi zilizovutika huvimba polepole, na misuli iliyo jirani hujikaza baadaye ili kulinda mahali palipoumia.

Basi habari zilipoenea mtaani, kila mtu alikuja na dawa yake. Rafiki mmoja wa mjomba alimshauri aende kwa kinyozi. Wasomaji wengi wanajua desturi hiyo: ukimaliza kunyolewa, kinyozi hukukanda kichwa na mabega, kisha hukushika kidevu na kisogo na kukigeuza kichwa kwa nguvu mpaka shingo ialike kama vidole. Mimi mwenyewe nimewahi kufanyiwa hivyo katika kibanda kimoja, nikaona raha, nikalipa na kuongeza mia tano. Sasa nimejua niliyokuwa nikiyachezea.

Hapa neno letu moja hutupoteza. Kwa Kiswahili cha nyumbani tunasema mshipa. Mshipa wa damu ni mshipa. Uzi upelekao habari kutoka ubongoni ni mshipa, yaani mshipa wa fahamu. Kano ishikayo msuli kwenye mfupa nayo ni mshipa. Na msuli wenyewe ukikakamaa huambiwa mshipa umekaza. Mchuaji asemapo, "Nitaunyosha mshipa," mara nyingi anakusudia msuli, na msuli wastahili kuchuliwa. Lakini katika shingo vyote vinne vimepangana mahali padogo. Iko mishipa miwili ya damu ipandayo ubongoni kwa kupita ndani ya matundu ya pingili zenyewe, mmoja kila upande. Kichwa kikizungushwa kwa ghafula, utando wa ndani wa mshipa huo waweza kuchanika, damu ikaganda pale, na bonge likapanda ubongoni likaleta kiharusi. Ni nadra, lakini limewapata watu wenye umri mdogo na afya njema, na hakuna fundi awezaye kulirudisha nyuma.

Aliyemzuia mjomba ni bibi yangu, mama yake mzazi, ambaye kwa miaka mingi amewachua wazazi na wachukuzi wa mizigo. Mimi nilidhani atachukua chupa ya mafuta mara moja. Hakuigusa. Alimkalisha kwenye kigoda akamwuliza, "Mwanangu, mikono inakufa ganzi?"

"La, mama."

"Wakojoa vizuri? Kichwa kinazunguka? Waona kitu kimoja viwili?"

Kisha akamwambia ambane vidole vyake kwa mkono wa kulia, halafu wa kushoto. Aliporidhika alisema, "Mimi nachua nyama, sichui mifupa. Nenda ukapigwe picha kwanza."

Yafaa niseme kwamba maswali yale ya bibi, ambaye hakuingia darasani, yanakaribia sana yale yaliyoandikwa na wataalamu. Mwaka 1995 jopo moja la Quebec, Kanada, liliyagawa majeraha haya kwa madaraja. Daraja la 1 ni maumivu na ukakamavu tu. La 2, shingo haigeuki vizuri na misuli inauma ikibonyezwa. La 3, mishipa ya fahamu imeguswa, mkono una ganzi au umepoteza nguvu. La 4, mfupa umevunjika au umeteguka. Mikono ya mchuaji ina kazi katika daraja la 1 na la 2. Mwenye la 3 au la 4 ni mgonjwa wa hospitali, na kumchua ni kumdhuru. Vivyo hivyo aliyepoteza fahamu wakati wa ajali, au mwenye maumivu makali katikati ya uti wa shingo: huyo asiinuliwe ovyo na kupakiwa kwenye bodaboda, bali alazwe, kichwa kishikwe kisicheze, mpaka msaada ufike.

Mjomba alipelekwa Hospitali ya Tumbi, Kibaha. Picha ilionyesha mifupa iko salama. Hakupewa kola ya shingo, jambo lililomhuzunisha kidogo, kwa kuwa alitaka watu waone kwamba anaumwa. Zamani kola ilitolewa kwa wingi; siku hizi imeonekana kwamba misuli iliyofungwa kwa majuma hudhoofu na kukakamaa zaidi. Aliambiwa ameze dawa ya maumivu na aigeuze shingo taratibu kila baada ya saa chache: kulia, kushoto, juu, chini, na sikio kuelekea bega, akikomea pale maumivu yanapoanza kukaza.

Siku ya nne bibi alianza kazi. Alitandika mkeka, akapasha mafuta ya nazi, na kwa siku mbili za kwanza hakufika shingoni kabisa. Alichua mabega na baina ya mafupa ya bega, kwa vidole gumba, polepole, kwa maana msuli ushikao shingo umeanzia huko chini. Halafu alipanda kando ya uti hadi kwenye kisogo. Upande wa mbele wa shingo hakuugusa hata mara moja. Mjomba akikunja uso, mikono ililegea.

Dar es Salaam siku hizi yako mabango yanayotangaza kuchuliwa kwa namna ya Thailand, na wenzetu wengi hudhani ni anasa ya wageni tu. Kumbe ni kazi ya kale yenye shule zake. Katika hekalu la Wat Pho, mjini Bangkok, mafundisho yake yalichongwa kwenye mawe katika karne ya 19, zama za Mfalme Rama wa Tatu, na Desemba 2019 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa wanadamu. Mchuliwaji hulala sakafuni juu ya godoro jembamba na nguo zake pana, bila mafuta. Mchuaji humbonyeza kwa vidole gumba, viganja, viwiko, hata miguu, akifuata mistari 10 waiitayo sen, na kumnyoosha viungo. Mistari hiyo daktari apasuaye mwili haioni, nami siwezi kuitetea. Lakini kubonyeza polepole na kunyoosha misuli ni jambo ambalo bibi angelitambua mara moja. Uchunguzi uliofanywa juu ya kuchua waonyesha kwamba hupunguza maumivu ya shingo kwa muda, hasa kukiwa pamoja na mazoezi. Kwamba peke yake huponya, hilo halijaonekana. Na ile sehemu ya kupinda shingo kwa nguvu, ambayo baadhi ya wachuaji wa huko pia hupenda kuimalizia, aliyetoka ajalini aikatae.

Wala si ajali tu. Dada zetu wa Kisarawe hubeba mihogo na ndoo kichwani, nasi wa bweni huinamia vitabu na simu mpaka usiku. Kichwa kikiinama, misuli ya nyuma hubeba mzigo mkubwa kuliko kichwa kikiwa wima. Baada ya kurudi shuleni nilianza kuegemeza kitabu juu ya sanduku langu ili kiinuke; wenzangu walicheka juma moja, kisha watatu wakaiga.

Mwishoni mwa juma la sita mjomba alinisindikiza kituoni. Aliweza kutazama nyuma kwa upande wa kulia bila taabu. Wa kushoto bado aligeuka na mabega yote. Alichungulia ndani ya daladala mbili akaziacha zipite, akapanda ya tatu, ambayo viti vyake vilikuwa na viegemeo vya kichwa.