Dereva Mgeni na Tajiri wa Lori

Madereva wa Kitanzania wapitao Mikumi na malori ya Zambia na Kongo huwa wageni mara wavukapo Tunduma. Kwa hiyo yaliyotokea Afrika Kusini tangu mwaka 2018 yanatuhusu: malori yalichomwa moto, madereva wa kigeni wakapigwa, wengine wakauawa, kwa madai kwamba wananyang'anya wenyeji kazi.

Njaa ya wenyeji hao ni ya kweli. Lakini, Ndugu, mgeni hajiajiri mwenyewe. Tajiri humchagua Mzimbabwe au Mmalawi asiye na kibali kwa kuwa hathubutu kugoma wala kushtaki.

Hapa Chanzuru, katika wilaya ya mkonge ya Kilosa, mbinu hiyo si ngeni. Wakoloni walileta manamba kutoka mbali, hata Ruanda-Urundi. Mwenyeji akipunjwa angerudi shambani kwake. Manamba angerudi wapi? Ujira ukabaki duni kwa wote.

Kumchoma mgeni (kazi ya mikono ya makabwela wenzake!) hakumgusi mwenye lori. Kinachomgusa ni chama kimoja cha madereva, wageni kwa wenyeji, kinachodai mshahara uleule kwa safari ileile; hapo hana tena faida ya kumtafuta mnyonge zaidi.