Taa zinazotupofusha njiani

Juma lililopita mwenzetu mmoja alitoka soko la Kadutu saa moja usiku, beseni kichwani, mtoto mgongoni. Gari likamwangaza usoni kwa zile taa nyeupe kali. Hakuona tena kitu. Akaanguka mtaroni na kuvunjika mkono. Mtoto ni mzima, tunamshukuru Mungu. Shofere hakusimama.

Watu husema taa ni mapambo tu. Hapana. Inchi yetu iliingia Mkataba wa Vienna wa 1968 tangu 1977, na mwaka 1978 ikatoa sheria yake ya barabara, namba 78-022. Mkataba unataka taa za mbele ziwe nyeupe au za manjano, za nyuma nyekundu, na shofere ashushe mwanga asipofushe wengine.

Lakini kushusha hakutoshi ikiwa ampuli imebadilishwa. Fari la zamani lilitengenezwa kwa ampuli ya kawaida. Fundi akitia ya LED ndani yake, mwanga hutawanyika na kupanda machoni mwetu.

Na tusifichane: wanaozinunua ni waume zetu na vijana wetu wenye moto. Tuwaambie wasimamishe gari mbele ya ukuta, washushe taa. Mwanga mkali ukipanda juu kuliko fari lenyewe, ampuli ya zamani irudishwe.

Alhamisi, baada ya likelemba, tutapita kwa mwenzetu. Kila mmoja alete unga kidogo, maana bado hawezi kutwanga.